Mashine ya Kutosha

Mwezi uliopita kijana wa jirani alikuja kwangu jioni, nikiwa nimekaa barazani nasubiri joto la mchana lipungue. Alibisha hodi, akaniamkia, akaketi kwenye kigoda nilichomwonyesha. Baada ya kuulizana habari za nyumbani na za shamba, alitoa karatasi mfukoni.

"Mzee, nimepata kazi," akasema. "Miezi mitatu porini, na watu wa kupima miti. Wamenipa fedha ninunue jenereta ya kambi. Nimeambiwa wewe unazijua. Ninunue ipi?"

"Mnataka kuwasha nini?" nikamwuliza.

Akacheka. "Vyote, mzee. Nitachukua kubwa ili tusihangaike."

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, mbele ya kaunta ya duka, tena kwa sauti ya kujiamini kuliko yake. Basi nikamwambia aiweke karatasi yake kwanza, nikamsimulia habari ya jenereta tatu nilizowahi kuishi nazo. Nimeona niiandike na hapa, maana ni wengi wanaoingia dukani na fedha mkononi bila kujua wanakwenda kununua nini, na gharama ya kutojua huko wakati mwingine hulipwa na mtu mwingine kabisa.

Mimi sikusomea mitambo. Nilikuwa fundi sanifu wa upimaji ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilivifungulia vijiji njia ya kupata vyeti vya ardhi yao, lakini kabla ya cheti ni lazima mipaka ijulikane, na vijiji vinavyopakana vikubaliane. Kazi hiyo ndiyo iliyotupeleka porini mwaka 2008. Wakati huo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012.

Asiyeijua nchi hii aelewe kwanza kwamba kwetu umeme ulikuwa kitu cha kujitafutia. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi, lakini gridi ya taifa haikuifuata reli. Kwa miaka mingi mji wetu uliwashwa na mitambo ya dizeli ya TANESCO iliyozalisha umeme hapa hapa, na dizeli ikichelewa, giza haliku­chelewa. Ukitoka mjini na kuelekea Inyonga, au ukishuka Sitalike kwenye ukingo wa Hifadhi ya Katavi, jua likizama ulibaki na mwezi, moto na tochi. Huko ndiko tulikopiga mahema yetu, katikati ya miombo, ndorobo wakituuma mchana na mbu usiku.

Kazi ya kupima ilikuwa imeingia katika zama za kompyuta. Mchana tulitembea na vifaa vya GPS, jioni tuliingiza alama kwenye kompyuta mpakato, tukachora ramani na kuwaonyesha wazee ili wasahihishe. Kwa hiyo kambi bila umeme ilikuwa kambi isiyofanya kazi. Mkuu wetu akanipa fedha na kuniambia, "Katafute jenereta nzuri."

Nilinunua ya kVA 5. Kwa nini tano? Nitasema ukweli: kwa sababu ya mbili na nusu ilionekana ndogo pembeni yake. Ilikuwa na magurudumu, ilikuwa nyekundu, na mwenye duka alipoivuta kamba, watu wawili waliokuwa wakipita nje waligeuka kutazama. Nilitoka pale najiona nimeiheshimisha ofisi.

Heshima hiyo ilidumu hadi kijito cha kwanza. Mashine ya namna ile ina kilo themanini na zaidi, na magurudumu yake ni ya kusukumwa kwenye sakafu ya saruji, si kwenye udongo mweusi wa mbuga. Gari likikwama, na gari lilikwama, ilibidi ishushwe na watu wanne, gari livutwe, kisha ipandishwe tena. Mahali ambapo gari halikupita kabisa, mashine nayo haikupita, na sisi tulilazimika kupanga kambi mahali ilipoweza kufika badala ya mahali palipo na kazi.

Halafu kukawa na suala la petroli. Nilidhani jenereta hunywa kwa kadiri unavyoitumia. Hunywa hivyo kwa sehemu tu. Jenereta ya kawaida ya hezi 50 lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika, iwe imebeba mzigo mzima au taa moja, kwa sababu ni mzunguko huo unaoutengeneza umeme katika kipimo chake. Injini kubwa ikizunguka kwa kasi hiyo bila mzigo inaunguza mafuta kwa kujiendesha yenyewe. Sisi tulikuwa tunawasha taa tatu na kompyuta mbili, na tunaipelekea mashine ile zaidi ya lita moja kila saa, mafuta yaliyotoka Mpanda mjini katika madumu.

Na kelele! Wazee walipokuja jioni kutazama ramani, ilibidi kuwapigia kelele. Mzee mmoja alitusikiliza kwa muda, akasimama, akasema kwa upole, "Wanangu, zimeni hicho kitu tuzungumze, halafu mkiwashe sisi tukishaondoka." Tukazima. Tukatumia koroboi. Nilitazama ile mashine nyekundu imekaa kimya gizani, nikaanza kuona aibu.

Mzee huyo ndiye sababu ya mimi kuandika ukurasa huu. Sitamtaja jina, wala kijiji chake. Alikuwa Mkonongo, mrina asali tangu utoto, na hakuna aliyeijua mipaka ya kijiji chake kama yeye. Alipita mipaka hiyo na baba yake akiwa kijana, wakati wenye mizinga walipogawana misitu ya kutundikia. Wengine walituambia, "Mpaka uko kule mlimani." Yeye alisema, "Mpaka ni mninga ule wenye kovu la shoka, kisha kichuguu chenye vichwa viwili, kisha jiwe, kisha chemchemi. Lakini chemchemi yenyewe ni yetu, jirani wana haki ya kuchota."

Tulipoimaliza awamu ya kwanza niliiuza ile kubwa kwa mwenye baa mjini, ambaye aliihitaji kweli, maana alikuwa na majokofu mawili na redio kubwa. Kwake ilikuwa mashine sahihi. Jambo hilo lingenifundisha, lakini sikujifunza. Niliruka kutoka kosa moja hadi lingine, kama mtu aliyeungua uji akaamua kula barafu.

Safari hii nilitaka kitu kidogo na cha bei ndogo. Nilipata kijijenereta cha injini ya mipigo miwili, zile ambazo petroli yake unaichanganya na oili, sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli. Sote tunazijua; zimejaa vibandani na kwenye saluni. Kilikuwa na kilo zisizofika ishirini, unakifunga nyuma ya pikipiki na unaondoka. Kwenye boksi waliandika 950 kwa tarakimu kubwa. Nilihesabu: wati 950, mahitaji yetu hayafiki 300, tumebaki na akiba. Bei yake ilikuwa ndogo mno kulinganisha na ile ya kwanza, na fedha iliyobaki niliirudisha ofisini, nikasifiwa.

Namba ile ya kwenye boksi ilikuwa jina la mashine tu. Haikuwa nguvu yake. Ukisoma kibao kidogo kilichobandikwa ubavuni, kwa maandishi yanayotaka miwani, unakuta namba mbili: ya juu kabisa, ambayo mashine inaweza kuifikia kwa muda mfupi, na ya mfululizo, ambayo inaweza kuibeba saa nzima na saa inayofuata. Ya pili ndiyo nguvu yako. Nyingi za aina ile zina wati mia sita na hamsini hivi za mfululizo, na hizo ni za maabara, kwenye hewa nzito ya pwani. Mpanda iko juu ya bahari kwa mita elfu moja na zaidi, na injini ya petroli hupoteza kiasi cha asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Ongeza joto la Oktoba. Mimi sikujua lolote kati ya hayo.

Hata hivyo si upungufu wa nguvu uliotuumiza. Kilichotuumiza ni umeme usiotulia. Mashine ndogo ya bei ndogo haina cha maana cha kuushika umeme wake. Injini ikiharakisha, volti zinapanda. Injini ikizubaa, zinashuka. Taa ya kawaida inavumilia. Kompyuta haivumilii hivyo.

Mzee alitembea nasi siku nne kuzunguka mpaka wote. Alikuwa na fimbo, na viatu vya matairi, na hakutaka kupumzika isipokuwa kwenye alama. Kwenye kila alama alisimama, akatuambia inaitwaje, nani aliiweka, na ni jambo gani lililofanya iwekwe pale. Kijana mmoja alisoma namba za GPS, mimi nikaandika kwenye daftari. Siku ya kwanza niliandika. Siku ya pili niliandika nusu. Siku ya tatu nilisema, "Tutaandika moja kwa moja kwenye kompyuta jioni, maneno yakiwa bado ya moto," kwa maana nilikuwa nimechoka na daftari lilikuwa limelowa jasho. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nilikuwa nimeufundisha msemo huo kwa wengine.

Jioni ya siku ya nne tulikuwa tumemaliza kuingiza kila kitu. Kumbukumbu ya vifaa vya GPS ilikuwa imejaa, tukaifuta ili kuwa tayari kwa kijiji kinachofuata. Betri ya kompyuta yetu ilikuwa imekufa siku nyingi, ikifanya kazi kwa kuchomekwa tu. Nilikuwa nikihifadhi faili kubwa la mwisho, lenye majina na maelezo yote ya mzee, wakati petroli ilipokaribia kwisha kwenye tangi.

Injini ya namna ile inapoishiwa mafuta haizimi kwa adabu. Hewa inazidi petroli, na kabla ya kufa injini inapiga mbio. Niliisikia ikilia kwa sauti nyembamba kama mluzi. Balbu iliyoning'inia juu yetu iliwaka nyeupe kuliko nilivyowahi kuiona, ikapasuka. Kisha harufu ya plastiki. Kisha giza, na kijana wetu akisema, "Jamani, kompyuta."

Chaja iliungua, na ubao wa ndani wa kompyuta pamoja nayo. Diski tuliipeleka kwa fundi Dar es Salaam, akaokoa barua na baadhi ya picha. Faili la mipaka halikufunguka tena. Nililobaki nalo ni daftari la siku moja na nusu.

Bado sikushtuka sana. Nilijiambia kwamba mzee yupo, tutarudi, tutamwomba radhi, tutatembea naye tena. Mvua zikaanza Novemba, barabara ikafungwa, mito ikajaa. Tulirudi mwezi wa sita.

Mjane wake alitupokea vizuri. Alituwekea vigoda, akatuletea maji ya kunywa, akatueleza kwamba aliugua mwezi wa tatu, na kwamba hakukuwa na njia ya kumfikisha hospitali. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Alikuwa akiulizia. Akisikia pikipiki, anauliza, wale vijana wa ramani wameleta karatasi zangu?"

Sikuwa na karatasi zake. Nilimweleza ukweli, kwamba maneno ya mzee yalipotea mikononi mwangu. Hakunilaumu. Alisema, "Basi ni kazi ya Mungu," nami nilijua wazi kwamba haikuwa kazi ya Mungu. Ilikuwa kazi ya mtu aliyetaka kusifiwa kwa kurudisha chenji.

Mkutano wa vijiji viwili ulichukua siku mbili chini ya mwembe. Alama nyingi zilikubaliwa, maana wengine nao waliukumbuka mninga na kichuguu. Chemchemi haikukubaliwa. Wazee wa upande wa pili walisema ni yao. Vijana wa upande huu walisema babu alisema ni yao. Wakanigeukia mimi niliyekuwa pale babu alipoyasema. Nilisimama, nikaeleza nilichokisikia. Mzee mmoja akauliza, "Kimeandikwa wapi?" Nikakaa chini. Mwishowe walikubaliana mstari upite katikati ya maji, wachote wote. Pengine ni suluhu njema, na sijasikia kwamba wamegombana. Lakini sivyo mzee alivyosema, na mimi pekee nabaki na hakika hiyo isiyomsaidia mtu.

Ni baada ya hapo ndipo nilipojifunza kuchagua. Nilikaa na karatasi na kufanya kile ambacho ningekifanya tangu mwanzo: nikaandika kila kitu tunachowasha, na wati zake pembeni. Kompyuta mbili, wati 130. Chaja za vifaa vya GPS, 30. Printa ndogo, 30. Taa tatu za kubana matumizi, 33. Simu na betri nyinginezo, 40. Jumla, 263. Nikauliza ni kipi kati ya hivyo kina mota, kwa sababu jokofu au pampu huhitaji mara tatu na zaidi ya nguvu yake ya kawaida kwa nukta ile ya kuanza. Hatukuwa na kitu chenye mota ya maana. Nikaongeza akiba kwa ajili ya mwinuko wa nchi yetu na kwa ajili ya kanuni njema ya kutoipakia mashine zaidi ya robo tatu ya uwezo wake. Nikapata kwamba mashine ya VA 800 au 900 za mfululizo inatutosha na kubaki.

Nikauliza swali la pili: inawasha vitu vya namna gani? Vyetu vilikuwa vitu vya elektroniki, kwa hiyo nilihitaji jenereta ya inveta. Hii kwanza huugeuza umeme wa injini kuwa umeme mnyoofu, kisha huuunda upya kwa saketi zake, ukatoka umetulia hata injini ikibadili kasi. Na kwa kuwa umeme haufungwi tena na mzunguko wa injini, mashine inaweza kupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo, na hapo ndipo petroli na kelele zinapopungua. Swali la tatu: nani ataibeba, na umbali gani?

Honda EU10i, kwa mfano, ina kilo 13 na hutoa VA 900 mfululizo. Tangi lake la lita 2.1 hukaa karibu saa nne kwa mzigo kamili, na saa nane kwa robo ya mzigo. Yamaha nayo ilikuwa na EF1000iS, ya ukubwa huo huo. Tatizo ni bei. Ilikuwa mara kadhaa ya kile kijijenereta, na ofisi haikutaka kusikia. Niliuza ng'ombe wawili, nikanunua yangu mwenyewe. Mke wangu aliniuliza ni mtu gani mwenye akili anayeuza ng'ombe kwa ajili ya kazi ya watu wengine. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba sitaki kuulizwa tena kimeandikwa wapi.

Ningependa kuishia hapo, lakini ingekuwa uongo, kwa sababu hata mashine nzuri nusura ituue.

Ilikuwa usiku wa mvua, tumelala katika chumba cha shule moja kwa ruhusa ya mwalimu. Niliiogopea mashine yangu. Nimeiuzia ng'ombe, na wezi hawalali. Nikaiingiza kwenye ujia wa ndani, nikafungua dirisha moja nikidhani linatosha, tukaendelea na kazi. Baadaye kichwa kilianza kuuma. Nilidhani malaria. Kijana wetu akasema anasikia kichefuchefu, akajilaza. Mwenzetu mwingine alitoka kwenda haja, akaanguka mlangoni kwa kishindo, na kishindo kile ndicho kilichotuokoa. Nilipoinuka miguu haikunitii. Tulikokotana hadi nje, tukalala kwenye tope, mvua ikatunyeshea, na sijawahi kuifurahia mvua kama ile.

Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na hukaa kwenye damu mahali pa hewa safi. Ni gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Dirisha lililo wazi halitoshi. Jenereta ikae nje, mita sita au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, na ekzosi itazame mbali nanyi. Mvua ikinyesha, ijengewe kibanda kilicho wazi pande zote. Ukiogopa wezi, nunua mnyororo na kufuli, uifunge kwenye mti. Mnyororo ni rahisi kuliko jeneza. Naandika hivi kwa ukali kwa sababu sote watatu tulikuwa watu tuliosoma, na hakuna hata mmoja aliyeliwaza hilo.

Mengine nayataja kwa ufupi. Dukani usitosheke na kuisikia ikinguruma. Omba balbu moja na pasi ya umeme, kama nguvu yake inaibeba mashine hiyo. Washa balbu, kisha chomeka pasi, utazame. Balbu ikififia sana na isirudi, au ikirukaruka, shukuru na uende duka jingine. Uliza kama nyaya za koili ni za shaba. Injini ya mipigo minne ina oili yake ya kutazamwa kila unapowasha, na ya kubadilishwa mapema baada ya saa za mwanzo. Beba plagi ya akiba na kifungulio chake. Petroli ya chupani vijijini ichuje kwa kitambaa, na uinuse. Zamani ilichanganywa na mafuta ya taa kiasi kwamba EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wachakachuaji. Usiijaze tangi injini ikiwa ya moto, na usiiache mpaka iishiwe yenyewe wakati kuna kitu cha thamani kimechomekwa. Na ukimaliza msimu, imwage petroli yote mpaka ya kwenye kabureta, la sivyo mwakani utavuta kamba mpaka bega liteguke.

Kijana alinisikiliza hadi giza likaingia. Kisha akaichukua karatasi yake, na kwa mwanga wa simu tukaisoma pamoja. Kulikuwa na kompyuta tatu, taa, chaja za simu kumi na mbili, televisheni, na jokofu.

"Jokofu la nini?" nikauliza.

"La soda, mzee." Akatazama chini. Akalikata. Baada ya muda akaikata na televisheni, ingawa kwa mkono mzito zaidi.

Tulijumlisha kilichobaki. Nikamwambia jambo ambalo mwaka 2008 nisingeweza kulisema: kwa mzigo mdogo kama ule, wakati wa kiangazi, afikirie sola kwanza. Paneli na betri za litiamu za siku hizi zinaweza kubeba taa, simu na hata kompyuta, bila kelele, bila moshi, bila madumu. Jenereta ndogo ya inveta iwe ya siku za mawingu na siku za kazi nzito. Huenda akatumia saa mbili kwa wiki badala ya saa sita kila usiku.

Aliandika yote hayo. Alipoinuka kuaga, aliniuliza ile mashine yangu iko wapi. Nikamwonyesha, imefunikwa gunia pembeni ya ghala, rangi imebabuka, bado inawaka kwa mvuto wa pili. Akainyanyua kwa mkono mmoja, akashangaa.

"Kumbe ni hii tu?"

"Ni hiyo tu," nikamwambia.

Nikaingia ndani nikatoka na daftari jipya la kurasa mia mbili, na kalamu mbili za wino usiofutika kwa maji. Nilimwambia mashine yoyote atakayonunua, hiki akitumie kwanza, kila siku, kabla ya kuwasha kitu chochote. Alipokea kwa mikono miwili. Sikumweleza kwa nini sauti yangu ilikuwa imebadilika, na yeye, kama mtoto aliyelelewa vizuri, hakuuliza.